Skuta ya Kadiri Haizimwi

Kama uliwahi kumpelekea Kadiri kitambaa akushonee suruali ya Idi, basi uliivaa Idi iliyofuata. Si kwamba alikuwa mvivu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: neno "hapana" lilikuwa halimtoki mdomoni. Karani wa posta akija na kitambaa, ndiyo. Mke wa karani akija na chake, ndiyo, kesho kutwa. Mpishi wa hoteli, askari, katekista wa Nyundo, wote ndiyo. Nilikaa naye miaka kumi na moja kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa Gisenyi, yeye na cherehani yake, mimi na kofia zangu za kudarizi, na katika miaka yote hiyo nilimsikia akikataa jambo mara moja tu. Nitafika huko.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, utepe wa kupimia umening'inia shingoni hata msikitini. Baba yake alikuja huku na biashara ya chumvi na kaniki kutoka Ujiji, akaoa mwanamke wa hapa, akazikwa hapa. Duka hakumwachia. Alimwachia adabu, na ile adabu ndiyo iliyokuwa ikimponza. Akikutana na mtu mzima njiani husimama, mkono kifuani, huuliza hali ya nyumbani, ya shambani, ya mbuzi, na haondoki mpaka aruhusiwe. Nimemwona akichelewa maziko kwa sababu alikuwa anawasalimia waliotangulia kuyachelewa.

Skuta yake aliipata kwa mke wa bwana shamba Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, kwa kubadilishana na magauni sita na mapazia ya nyumba nzima. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, na ilikuwa imeshachoka kabla hajaipanda. Hakuitaka kwa ajili ya kuringa, ingawa mtaa wetu uliringa kwa niaba yake. Aliitaka kwa ajili ya Saidati, mke wake. Saidati alivunjika mguu wa kulia mwaka ule mto Sebeya ulipofurika, ukaungwa vibaya, na kwa miaka minne hakuvuka mtaro ulio mbele ya nyumba yao. Mwanamke aliyekuwa akiuza magauni ya watoto katika soko la Nyakiriba, anayejua jina la kila mtoto na kipimo cha kiuno chake, akawa wa kukaa uani akitazama kuku wa jirani. Skuta ilipokuja alipanda nyuma, furushi mapajani, na walipopita barazani kwetu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Uso ule sijausahau. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba skuta ni chuma tu.

Kadiri aliishonea kanzu. Sisemi kwa mafumbo, aliishonea kanzu kweli, ya marekani, yenye tundu mbili za mikono ya usukani, na nyingine ya hariri ya bandia kwa siku ya Ijumaa. Wateja waliokuwa wanangoja suruali tangu mfunguo mosi walipita wakaiona skuta imevaa, wao bado.

Lakini ilikuwa na ila moja. Asubuhi ikiwa baridi inawaka kwa teke la kwanza. Ikishapata moto, ukiizima tu imekwisha. Piga teke, isukume, isomee dua, haiwaki mpaka ilale. Twagirimana, fundi wa baiskeli pale sokoni ambaye pia aligusagusa pikipiki, alisema ni koili, zile nyaya zilizoviringishwa ndani zinazopeleka cheche. Koili mpya iliagizwa Usumbura. Mpaka leo iko njiani.

Basi mwaka wa hamsini na sita ikatakiwa kila skuta iwe na karatasi ya uzima, na karatasi iwe na muhuri wa bwana mmoja wa ofisi ya magari. Sisi tulimwita Bwana Muhuri, kwa sababu jina lake lilitushinda, na muhuri wake ulikuwa haukai mezani. Aliutia mfukoni kama mtu mwingine anavyotia tumbaku. Kadiri alikwenda kwake mara tatu. Mara zote tatu alifika langoni skuta ikinguruma vizuri kabisa, na mara zote tatu, kwa adabu, akaizima, kwa sababu mtu hangurumi mlangoni kwa mkubwa. Bwana Muhuri anatoka, anasema washa. Kadiri anapiga mateke thelathini, jasho linamtiririka mpaka kwenye utepe wa kupimia. Bwana Muhuri anaandika: mbovu. Ningekuwa mimi ningeiacha ingurume mpaka madirisha yatetemeke, lakini mimi sina adabu, nina kofia tu.

Mara ya tatu Bwana Muhuri alicheka. Klabu yao ya michezo, pale hotelini kando ya ziwa, ilikuwa inaandaa mashindano ya skuta siku ya Asumpsio, sikukuu ya Wakatoliki ya Maria kupalizwa mbinguni, kumi na tano Agosti. Si ya mbio za dakika tano. Ni kuzunguka tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri, kutoka hotelini kupitia barabara ya ziwa, kupanda mpaka Nyakiriba na kurudi, na kombe linakwenda kwa atakayezunguka mara nyingi zaidi. Ni ya wapendao mchezo tu, si mafundi wa kulipwa. Kanuni zao zilitaka skuta nane, nao walikuwa na saba: mfamasia, mwalimu wa muziki, watu wa namna hiyo.

"Leta yako," Bwana Muhuri akamwambia. "Kama saa kumi iko hai mbele ya meza yangu, mi nitapiga muhuri. Kama imekufa, mi nitaandika imekufa, na barabara, bon, ni kwisha."

Kadiri alijibu kama anavyojibu siku zote. Alisema ndiyo, Bwana.

Alirudi barazani uso umekuwa wa kijivu. Akaniambia kwamba akishindwa, Saidati anarudi uani.

Habari ilifika mtaani kabla hajakunja kona, na mtaa wetu wa Waswahili ukafanya kile unachokifanya kwa kila jambo, liwe ndoa, maulidi au choo cha msikiti. Ukaunda kamati. Mwenyekiti wa Kamati ya Skuta akawa Mzee Faradji, mwuza mafuta ya mawese, mtu mnene wa mwili na wa maneno, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati nyingine tano na hakuwahi kupanda kitu chenye magurudumu isipokuwa lori. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu nina kalamu. Tulikaa vikao tisa uani kwa Kadiri. Daftari ninalo, na ninathubutu kuapa kwamba katika vikao hivyo tisa injini haikutajwa hata mara moja.

Tatizo letu ni kwamba watu wa mtaa huu tunajua kuandaa vitu viwili tu, bibi harusi na maiti. Kwa kuwa skuta ilikuwa bado inapumua, tuliiandaa kama bibi harusi. Kikao cha kwanza na cha pili vilibishania jina la kuiandika ubavuni, na havikuafikiana, ikaandikwa majina mawili, moja kila upande. Kikao cha tatu kilipokea zawadi ya Mzee Faradji mwenyewe, honi ya lori iliyotaka betri ya lori, na betri ikafungwa mbele kwenye miguu ya dereva. Mugabo, mfua vyuma, alileta kilinda matope cha mpira mzito chenye nyota. Wengine walileta vioo vya pembeni, vinne, ili Kadiri aone waliobaki nyuma. Shangazi wa Mzee Faradji alileta shanga. Kila aliyetoa kitu alisimama karibu kuhakikisha kimewekwa mahali panapoonekana, na Kadiri, unamjua, kila kimoja alisema ndiyo, ahsante, kinapendeza.

Twagirimana alikuja kila siku jioni na spana yake mkononi, akasimama pembeni akingoja zamu. Yeye ni mtu wa kanisani na mwenye heshima, hakutaka kuingilia mambo ya watu. Siku ya kikao cha saba, wanawake walikuwa wameleta chetezo cha udi na ubani kuifukizia skuta, wakakiweka chini, sawasawa chini ya tangi la esansi, yaani petroli. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipomwona Twagirimana akikimbia.

Saidati ndiye aliyekiondoa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani muda wote huo, anatazama. Alinyanyuka kwa fimbo, akaenda, akabeba chetezo kile cha moto kwa upande wa kanga yake, akakitupa mtaroni. Kisha akarudi akakaa. Mzee Faradji alisema kwamba mwanamke hana nafasi kwenye kamati. Saidati akamjibu kwa upole kwamba yeye hajataka nafasi ya kamati, anataka nafasi yake ya nyuma pale juu.

Watu hawakujua kwamba katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeijua ile injini. Kadiri huwa mbele anasalimia watu. Yeye nyuma anasikiliza. Alijua mlima upi inakohoa, alijua inavyolia ikinyimwa hewa, alijua kwamba tangu mwezi wa sita sauti yake imeingia puani. Alimwita Twagirimana siku ya pili asubuhi, wakati wanakamati wamekwenda kwenye shughuli zao, akamweleza yote hayo kama mtu anavyomweleza mganga maradhi ya mtoto. Twagirimana alisikiliza, akafungua bomba la moshi.

Ndani mlikuwa na masizi ya miaka. Skuta hizi zinakunywa mafuta yaliyochanganywa na esansi, na Mzee Faradji, kwa mapenzi, alikuwa anapita kila jioni na kuongeza mafuta kidogo ili "inone." Twagirimana alilitia bomba kwenye jiko la mkaa mpaka likawa jekundu, akaligonga, masizi yakatoka debe zima. Kuna vibati viwili vya kupunguza sauti vilivyokuwa vimeoza. Akavitoa, hakuwa na vya kurudishia. Akasugua buji, kile kidude kinachotoa cheche, kwa msasa. Waya wa klachi ulikuwa umebaki nyuzi tatu. Akauchomoa akatia waya mbili za breki ya baiskeli alizozisuka pamoja. Saidati alishika taa, akashika koleo, akachanganya esansi yeye mwenyewe kwa kipimo cha kopo la maziwa, akaichuja kwa kitambaa cha chachi. Twagirimana alipoiwasha, ilitoa sauti iliyowaamsha watoto wa nyumba nne. Koili, alisema, hawezi kuitengeneza, isipokuwa Mungu.

"Donc, Mama, sikia," akamwambia Saidati. "Hii kitu isizimwe. Kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Anakula iko inawaka, anasali iko inawaka, anatia esansi iko inawaka. Ikizimwa, ni basi."

Siku moja kabla ya mashindano, adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, Saidati alichukua mkasi wa mumewe na kile kisu kidogo cha kufumulia mishono, akaivua skuta kila kitu. Alikata shanga. Alifungua honi na betri, vioo vyote vinne, kilinda matope chenye nyota, kanzu ya hariri. Alivipanga vyote kwenye jamvi kwa mstari, kila kimoja na jina la aliyekitoa. Tulitoka msikitini tukaikuta skuta uchi, nyembamba, ndogo ya kutia huruma. Mzee Faradji aliitazama honi yake jamvini, akaitisha kikao cha dharura. Hakuna aliyehudhuria. Hata mimi katibu nilisema nina kofia ya mtu.

Kitu kimoja tu alikiacha, nacho kilikuwa cha Kadiri. Kadiri alikuwa ameshona kiti. Alifikiri kwa kichwa cha fundi cherehani: mtu akikaa masaa kumi juu ya mawe yale meusi ya volkano, kitakachomshinda kwanza si injini. Akakijaza sufi, akaweka blanketi la jeshi mara nne, akakidarizi mistari ili kisiteleze. Ilikuwa kazi safi kuliko suruali yoyote niliyowahi kumwona akishona, na aliimaliza kwa wakati.

Siku yenyewe vumbi lilikuwa jingi, kama kawaida ya Agosti. Skuta nane ziliwashwa mbele ya hoteli. Wazungu saba walivaa miwani na makofia ya ngozi. Kadiri alivaa suruali yake ya Idi na utepe wa kupimia. Saba zile ziliondoka kama zimefukuzwa. Kadiri alimsalimia kwanza mtu wa bendera, akamuuliza amelalaje, ndipo akaondoka.

Sitakuchosha na mizunguko yote. Kufika saa nne mwalimu wa muziki alikuwa ameketi kando ya barabara anaitazama skuta yake ikitoa moshi. Jua lilipofika utosini zilikuwa zimebaki tano, halafu nne. Walipanda Nyakiriba kwa hasira, injini zikachemka. Kadiri alipanda taratibu, kwa sababu njia nzima ilikuwa imejaa watu anaowajua, na kila mmoja alipaswa kupata walau mkono kifuani. Saa ya adhuhuri alisimama, akaiegemeza skuta kwenye mgomba ikiwa inawaka, akasali, akapanda tena. Askari aliyekuwa karibu alisema hajawahi kumwona mtu akisali na sauti kama ile nyuma yake.

Kazi ilikuwa kwenye esansi. Kanuni ya klabu ilisema injini izimwe wakati wa kujaza, na msimamizi mmoja aliwekwa hapo kulinda kanuni. Hapo ndipo Mzee Faradji alipotufaa, nasema kwa haki yake. Kila Kadiri alipoingia, mwenyekiti alimwendea msimamizi akaanza kumsalimia. Alimuuliza habari za Ulaya, za mama yake, za ng'ombe wa Ulaya, amemshika mkono haachii, na huku nyuma Saidati, amesimama kwa mguu mmoja na fimbo, anamimina kwa faneli bila kumwaga tone. Ilifanyika mara tatu. Msimamizi alipogeuka kila mara aliona vumbi tu.

Saa nane mwenyekiti akachoka. Akasema aende Nyakiriba kwa lori la viazi akahesabu mizunguko kule juu, kwa sababu kule kuna kivuli na kuna mtu anachoma mahindi. Tulifurahi. Laiti tungemfunga kamba kwenye mti.

Saa tisa na nusu skuta zilizo hai zilikuwa mbili: ya mfamasia, aliyekuwa mbele kwa mizunguko saba, na ya Kadiri. Kadiri aligeuza Nyakiriba kwa mara ya mwisho. Kutoka pale mpaka hotelini ni dakika ishirini za mteremko. Kadiri mwenyewe alinisimulia kwamba alijisikia mwepesi, kwamba alianza kuimba. Kwenye kona ya kwanza Mzee Faradji alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono juu, gunzi la hindi mdomoni. Lori la viazi lilikuwa limekwenda zake Ruhengeri.

"Kadiri, mudogo wangu," akasema. "Mi niko mwenyekiti. Kombe itatolewa, mwenyekiti hayuko? Watu watasema nini?"

Kwanza walisalimiana. Kisha mwenyekiti alikaa juu ya kiti cha sufi, na kiti, kilichokuwa kimevumilia masaa tisa na nusu, kikatoa pumzi. Tairi la nyuma likalala. Kadiri alishuka mlima wote kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili inaburura chini kusaidia breki, na huku nyuma mwenyekiti anapungia watu.

Sisi tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya Bwana Muhuri. Saidati alikuwa mbele yetu. Saa ya hoteli ilipogonga kumi hakugeuka kuitazama, aliendelea kutazama barabara. Bwana Muhuri alingoja kidogo, kwa haki yake naye, kama unavyongoja chai ipoe. Kisha akafungua kalamu. Skuta ikatokea kwenye kona ya ziwa ikinguruma, saa kumi na dakika saba, Kadiri amepauka kwa vumbi, mwenyekiti nyuma yake amenyoosha kifua. Ilisimama mbele ya meza hatua mbili. Makaratasi yalikuwa yanarukaruka kwa mtikisiko. Na Bwana Muhuri, huku ameyashikilia kwa mkono wa kushoto yasipeperuke, kwa mkono wa kulia aliandika: imekufa.

Alisema kanuni ni saa kumi. Saa kumi haikuwa hai mbele ya meza yake. Akafunga kalamu.

Mzee Faradji alishuka, akafuta suruali, akauliza kombe liko wapi. Nilimtukana, siwezi kuandika hapa kwa neno gani, na sijaomba radhi mpaka leo.

Huko bustanini sherehe ilianza. Mkubwa wa wilaya alisimama na karatasi ya hotuba, mfamasia amesimama karibu na kombe, mabibi wameshika glasi. Mkubwa akafungua mdomo. Hakuna aliyesikia kitu. Lile bomba lililosafishwa, lisilo na vibati vyake, lilikuwa linazungumza badala yake. Akaanza upya, akapaza sauti, akaacha. Bwana Muhuri alikuja mbio akamwamuru Kadiri azime.

Kadiri alimtazama Saidati. Kisha akamtazama Bwana Muhuri, mkono kifuani, kwa heshima zote alizoachiwa na baba yake.

"Hapana, Bwana," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Bwana Muhuri pia. Akarudia amri kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na safari hii aliyejibu ni Saidati, aliyekuwa amechechemea mpaka kwenye skuta na kuweka mkono juu ya kiti.

"Bwana, we umeandika hii kitu imekufa," akasema. "Kitu ya kufa, inazimwa namna gani?"

Hakuna aliyecheka. Skuta ikaendelea kunguruma. Twagirimana alichuchumaa karibu na karburata, pale esansi inapochanganyika na hewa, akaisikiliza, akaiongezea mafuta kidogo, kidogo tu, kama mtu anayekoroga uji usishike. Bibi mmoja aliziba masikio. Mpiga akodiani aliweka akodiani chini. Mkubwa wa wilaya alikunja hotuba, akaja mpaka mezani, akaomba aoneshwe hiyo karatasi. Aliisoma. Aliitazama skuta, akaisoma tena. Alisema maneno machache ya Kifaransa ambayo sikuyaelewa, lakini niliyaona yakifika, maana masikio ya Bwana Muhuri yalibadilika rangi. Muhuri ukatoka mfukoni. Neno lile likafutwa kwa mistari miwili, karatasi ikapigwa, ikapigwa tena upande wa pili kwa hasira.

Kadiri aliipokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa adabu haiishi kwa siku moja, alimwinamia Mkubwa, akanyoosha kidole, akaizima skuta ili hotuba isikike.

Kimya kile sitakisahau. Twagirimana alifumba macho.

Tuliondoka pole pole kabla mtu hajatuambia tuiwashe. Tulikuwa kumi na wawili tunasukuma, kupanda kwenda mtaani, na Saidati amekaa juu ya kiti cha sufi, mguu wake mbovu umenyooshwa mbele, fimbo mapajani. Mzee Faradji alitaka kushika usukani, kwa sababu ya cheo.

"Mwenyekiti," Saidati akamwambia, "sukuma."

Akasukuma. Kadiri alitangulia, anasoma karatasi kwa sauti: skuta ya rangi ya maziwa, injini nzima, inaruhusiwa barabarani mwaka mmoja. Kila akifika kwenye neno "nzima" sisi nyuma tunaitikia amina, tunahema.

Jumamosi asubuhi, ikiwa baridi, iliwaka kwa teke la kwanza. Walipita barazani kwetu kuelekea soko la Nyakiriba, furushi la magauni mapajani mwa Saidati. Kadiri hakusimama kunisalimia. Alipunga mkono tu, akaendelea, nami nikamsamehe.